Sitika Haizuii Glasi Kuvunjika

Wasee, tuambiane ukweli. Ile sitika nyekundu yenye picha ya glasi haijawahi kuokoa glasi hata moja. Lori halijui kusoma. Laga pia haijui.

Mwezi uliopita mamangu mdogo hapa Kaikor aliagiza glasi na sahani za kioo kutoka Nairobi, za hoteli yake ndogo. Katoni ilifika na sitika tatu. Ndani, nusu ni glasi, nusu ni vipande. Muuzaji akasema, "Lakini mama, huko kwenu ni mbali."

Hiyo sentensi ndiyo inaniudhi. Ulijua ni mbali ukipokea pesa! Nairobi hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 600, halafu bado kuna murram, mchanga na laga, na mzigo unahamishwa gari njiani. Kama unauza huku, hiyo barabara ni sehemu ya kazi yako.

Mimi niliacha chuo, lakini hii haitaki digrii. Glasi nyingi huvunjika kwa sababu zinagongana, ama ziko na nafasi ya kucheza. Kwa hivyo funga kila moja peke yake na gazeti, na ujaze karatasi mpaka ndani. Sahani zisimame wima kama vitabu. Ukizilaza, ya chini inabeba uzito wa zote kwa kila shimo. Tia boksi ndani ya boksi kubwa, katikati ujaze vipande vya godoro. Kabla ya seloteipu, tingisha. Ukisikia kelele, fungua uanze upya.

Mtu atasema ufungaji mzuri ni gharama. Sawa, taja bei mapema, mnunuzi aamue. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na habari anazohitaji. Haijaandikwa "isipokuwa Turkana Kaskazini".

Na sisi wanunuzi tuamke. Itisha video ya mzigo ukifungwa kabla hujatuma M-Pesa. Ukifika, fungua katoni mbele ya dereva huku unarekodi.

Kwa muuzaji, glasi sita ni hasara ndogo. Kwa mamangu mdogo, ni wateja sita wanaongoja kikombe kirudi ndio wanywe chai.

Wewe mzigo wako ulifika aje? Niambie hapo chini.