Kitenzi "deserve" na wanaokipotosha

Kitenzi cha Kiingereza "deserve", yaani kustahili, kimezungukwa na maelezo mengi yasiyo na msingi.

Wapo wanaosema "de-" ya mwanzoni inakanusha, kwamba anayestahili ni aliyeacha kutumika, sasa anatumikiwa. Hapana. Kitenzi kimetoka katika Kilatini "deservire", na humo kiambishi hicho kinakoleza tu: kutumikia kwa bidii, kikamilifu. Ndani yake yumo "servus", mtumwa. Baadaye Kilatini kikakisogeza hadi maana ya kupata haki kwa utumishi mwema, Kifaransa cha kale kikakirithi, na kufikia karne ya 13 kilishaingia Kiingereza. Kinachowachanganya watu ni Kifaransa cha leo, ambamo "desservir" ni pia kuondoa vyombo mezani. Hapo kiambishi kweli kinaondoa, na hapo ndipo lilipotoka neno "dessert", kitamutamu cha baada ya mlo. Hata Waingereza wenyewe huandika "just desserts" wakidhani mtu anapewa keki yake. Usahihi ni "deserts", yenye "s" moja katikati, yaani mastahili yake.

Eti hutumika kwa mema tu? Waingereza hukitumia kwa kifungo kama wanavyokitumia kwa tuzo.

Dai linaloniudhi zaidi ni hili: kwa kuwa kitenzi kimezaliwa na utumishi, asiyefanya kazi hastahili kitu. Asili ya neno haitungi sheria. Uingereza ya karne ya 19, iliyopitisha Sheria ya Maskini ya 1834 na kuwabana wenye nguvu waingie nyumba za kazi, ndiyo iliyozungumza sana juu ya "deserving poor", maskini wanaostahili. Hao walikuwa akina nani? Wazee, wagonjwa, yatima: watu wasioweza kufanya kazi! Mwaka 1971 mwanafalsafa John Rawls alikwenda mbali zaidi, akaandika kwamba hakuna anayestahili hata vipaji alivyozaliwa navyo.

Wala si kweli kwamba kila lugha imeyatoa mastahili kwenye jasho. "Kustahili" kwetu kumetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa "ahl": jamaa, watu wa mahali, wenye kufaa kitu. Humo hamna mtumwa wala ujira, na bado tunasema mtoto mchanga anastahili kutunzwa.