Msilitupe sanduku la babu



Mzee anapofariki katika nyumba ya Kiislamu, kila mtu hujua la kufanya. Vijana huenda kuchimba kaburi, akina mama hukusanyika uani, maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa bila kuchelewa. Hufuata matanga, visomo na dua. Kisha, wageni wakiisha kutawanyika, huja zamu ya chumba chake. Kanzu hugawiwa, kitanda hupewa mwenye haja nacho, na lile sanduku la bati lililokuwa uvunguni hufunguliwa. Ndani mna stakabadhi, barua zilizokunjwa mara nne, picha zilizotafunwa na mende, daftari la michango ya msikiti, pengine hati ya kiwanja. Mmoja husema, "Haya ni makaratasi tu." Basi yakabebwa kwenda jalalani, au yakaishia kwa muuza karanga kufungia karanga zake.

Wiki hii tungependa kuizungumza familia moja ya Dar es Salaam ambayo maandishi ya babu yao hayakufikwa na hayo. Tumeichagua kwa kuwa maisha ya babu huyo yalikusanya mambo matatu ambayo kila mzazi Muislamu huyatamani: kulea nyumba, kuitumikia dini na kuwatumikia watu. Tumeichagua pia kwa sababu tunayajua hayo yote kwa kuwa yeye aliandika, na mjukuu wake akasoma.

Babu huyo ni Mzee Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Jina lake lilikuwa la Kijerumani, naye alizaliwa katika siku ambazo Wajerumani walikuwa wakiishika nchi kwa bunduki. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji pamoja na askari waliochukuliwa na Hermann von Wissmann kuja kupigana na Abushiri na watu wa pwani. Mbuwane hakuishi kumlea mwanawe. Alikufa maji katika mto Ruaha, akirejea kutoka vita vya Wajerumani dhidi ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Mtoto akabaki yatima, akalelewa na Affande Plantan, mkuu wa Wazulu hao na mwenziwe baba yake.

Hapa pana funzo la kwanza, nalo huwa zito kwa familia nyingi. Baba wa babu alipigana upande wa mkoloni, dhidi ya watu ambao leo tunawaita mashujaa wetu. Familia nyingine ingelificha jambo hilo, au ingelitunga hadithi nyingine ya kupendeza. Familia ya Sykes haikuficha. Habari hizo zimeandikwa, zimechapishwa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Wala hazikumpunguzia Kleist hadhi yake. Zinatuonesha tu alikotoka, ili tupate kuupima mwendo aliokwenda.

Mwendo wenyewe ulikuwa mrefu. Alisoma shule ya Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alikuwa askari katika jeshi la von Lettow-Vorbeck. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, naye akapata kazi ya ukarani katika Reli ya Tanganyika. Kwa Muafrika wa wakati ule, ukarani wa reli ulikuwa riziki nzuri na heshima ya kutosha. Angeweza kujifungia na mshahara wake, akalea wanawe, akasali sala zake tano, na hapana ambaye angemlaumu.

Mwaka 1924 Dar es Salaam ilipata mgeni, Dk. Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyekuja pamoja na tume iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye. Katika mazungumzo yao likatoka wazo kwamba Waafrika wa Tanganyika wanahitaji chama chao wenyewe cha kuwaunganisha. Wazo hilo Kleist alilibeba miaka mitano. Mwaka 1929 likazaliwa jina: African Association. Cecil Matola akawa rais na Kleist akawa katibu. Na tuangalie vyema, Matola alikuwa Mkristo na Kleist Muislamu, nao waliketi meza moja kwa ajili ya nchi yao, kila mmoja akiwa imara katika dini yake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua yeye na wenziwe. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Mzazi Muislamu alikuwa na njia mbili, na zote zikimchoma: ampeleke mtoto shule ya misheni akihofia dini yake, au ambakishe chuoni akihofia dunia yake. Mwaka 1933 Waislamu wa Dar es Salaam wakaanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi na viongozi wake, pamoja na Mzee bin Sudi, mwenziwe katika African Association vilevile. Jumuiya hiyo ikajenga shule ambamo mtoto wa Kiislamu alisoma Qur'ani na akasoma hesabu chini ya paa moja.

Basi mtu huyu mchana alikuwa karani wa reli, na saa za mapumziko alikuwa katibu wa chama na mtumishi wa shule. Nyumbani alikuwa baba wa Abdulwahid, Ally na Abbas. Wenye kudhani kuwa kuutumikia umma ni lazima kuiue nyumba na wawatazame wana hao. Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuja kuwa kiongozi wa TAA, jina ambalo African Association ililichukua mwaka 1948. Yeye na nduguye Ally walikuwa miongoni mwa waliounda TANU tarehe 7 Julai 1954. Mkutano huo ulifanyika katika jengo lilelile la African Association, New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba. Abbas naye akaja kuwa balozi wa nchi huru. Mzee mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1949, miaka mitano kabla ya TANU na miaka kumi na miwili kabla ya uhuru.

Sasa tuje kwenye yale makaratasi. Kabla ya kufariki, Mzee Kleist aliandika habari za maisha yake mwenyewe. Hakuwa na mchapishaji wala hakuwa na umaarufu wa kumtafutia wasomaji. Aliandika, akawaachia watu wa nyumbani kwake, nao wakayahifadhi. Miaka ikapita. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, akayachukua maandishi yale, akayasoma kwa jicho la mwanafunzi wa historia, akaandika maisha ya babu yake. Kazi yake imo katika kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1973. Leo kila anayetaka kuandika habari za mwanzo wa siasa za Tanganyika hana budi kupita katika kurasa hizo za mjukuu. Habari za Aggrey, za kuasisiwa kwa chama na za malezi ya yatima yule wa Pangani zimetufikia kwa njia hiyo.

Tujiulize: laiti makaratasi yale yangekwenda kwa muuza karanga? Kariakoo kuna mtaa unaoitwa kwa jina la Kleist. Kibao cha mtaa kingebaki, lakini mpita njia angedhani ni jina la Mjerumani fulani.

Ndugu wasomaji, dini yetu inalipa jambo hili uzito mkubwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 133, Mwenyezi Mungu anatusimulia Nabii Yaqub alipofikwa na mauti. Aliwauliza wanawe watamuabudu nani baada yake. Wakamjibu kuwa watamuabudu Mola wake, na Mola wa baba zake, Ibrahim, Ismail na Is-haqa. Ibrahim alikuwa babu yake Yaqub. Watoto wale, katika saa ile ngumu, waliweza kumtaja babu wa baba yao kwa jina na wakaijua imani aliyokuwa nayo. Ni nyumba ngapi zetu ambamo kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kumtaja babu wa baba yake, seuze kueleza alisimamia nini?

Na katika Suratul Kahf tunasoma habari za mayatima wawili ambao hazina yao ilikuwa chini ya ukuta uliokuwa ukitaka kuanguka. Ukuta ukasimamishwa upya bila ya ujira, na sababu iliyotajwa ni kwamba baba yao alikuwa mtu mwema. Wako wanazuoni wa tafsiri waliosema kwamba huyo aliyetajwa ni mzee wao wa mbali, wa vizazi kadhaa nyuma. Wema wa mzee huwafikia wajukuu hata wasiomjua. Inapendeza basi wamjue, wapate kumshukuru Mola na kumuombea mzee wao.

Mtume wetu Muhammad (saw) mwenyewe alilelewa na babu. Alipofiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, alichukuliwa na Abdul Muttalib, mkuu wa Makureshi, aliyekuwa akimketisha pamoja naye kwenye busati lake kivulini mwa Al-Kaaba, mahali ambapo hata wanawe wakubwa hawakuthubutu kukaa. Babu akafariki mjukuu akiwa na miaka minane, na habari hiyo imehifadhiwa na waandishi wa Sira mpaka leo.

Sasa tufanye nini? Tunayo machache ya kuwausia wenye nyumba.

La kwanza ni haki za marehemu. Kabla ya kumsifu babu, tumlipie madeni yake, tutekeleze wasia wake katika mipaka ya sharia, na tugawe mirathi kama Mwenyezi Mungu alivyoigawa. Makaratasi ya sandukuni ndipo huanzia faida yake hapa, kwani humo ndimo mlimo ushahidi wa anayedai na anayedaiwa. Kama babu aliweka kiwanja au nyumba wakfu kwa msikiti au madrasa, hati ile ikipotea huenda na wakfu ukapotea nayo, na sadaka yake yenye kuendelea ikakatika kwa mikono ya wajukuu wake. Hilo ni jambo la kumuogopa Mungu.

La pili ni rafiki zake. Mtume (saw) ametufundisha kuwa katika wema mkubwa wa mtu kwa mzazi wake aliyefariki ni kuwaunga wale aliowapenda. Mzee aliyekuwa akikaa na babu barazani baada ya sala ya alasiri bado yu hai, na hapana amtembeleaye. Mwendeeni. Mpelekeeni chochote. Yeye anayajua ya ujana wa babu ambayo ninyi hamyajui, naye pia hatakaa milele.

La tatu ni kuuliza mapema. Babu aliye hai asisubiri kuandikwa tanzia. Mjukuu aliye sekondari akae naye jioni moja kila juma akiwa na daftari. Amuulize alizaliwa wapi na nani alimlea, alisoma Qur'ani kwa mwalimu gani, kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi na alilipwa nini, nani walichimba msingi wa msikiti wa mtaa, na jambo gani lilipata kumliza. Bibi naye aulizwe yake, maana mara nyingi yeye ndiye aliyepika chakula cha wageni wa mikutano ile yote na jina lake halikuandikwa popote.

La nne ni ukweli. Mtume (saw) alitukataza kupindukia katika kumsifu, na akatukataza kuwatukana wafu. Baina ya hayo mawili kuna njia pana. Aibu ya siri ya marehemu tuisitiri kama tunavyotaka zetu zisitiriwe. Lakini historia ya familia, hata ikiwa na upande mchungu, tuiandike kama ilivyokuwa. Mjukuu akija kugundua kuwa alidanganywa katika moja, hataamini hata yale ya kweli.

La mwisho ni kuendeleza. Kumkumbuka mwenye kujenga shule kwa sahani ya pilau pekee hakutoshi, ikiwa madrasa aliyoiacha inavuja na mwalimu wake hajalipwa. Katika hadithi mashuhuri tumefundishwa kuwa mwanadamu akifa hukatika amali zake ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumuombea. Zote tatu zinahitaji mtu aliye hai wa kuzitunza, na mtu huyo ni mimi na wewe.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila nyumba na ilitafute sanduku lake. Yafutwe vumbi makaratasi yale, yawekwe mahali pakavu, zipigwe picha zilizo karibu kuchanika, na nyuma ya kila picha ya zamani liandikwe jina la kila aliyemo maadam yupo bado anayewatambua.

Mwenyezi Mungu awarehemu babu na bibi zetu waliotangulia, ayapanue makaburi yao, na atujaalie tuwe vizazi vyenye kuwafaa. Aamin.