Wingi kwa Kiingereza Hausemwi kwa Kubahatisha

Wanafunzi, watafsiri na waandishi wa ripoti huteleza kwenye maneno yale yale ya Kiingereza: "amount", "number", "less", "much", "million". Wengi wao walifundishwa, ila walichopokea ni kanuni nusunusu, zinazorithishwa darasa hadi darasa bila mtu kuzihoji. Nayachukua hapa madai sita ninayokutana nayo mara kwa mara katika kazi ya uhariri, nikieleza kwa nini kila moja halisimami.

1. "Amount" ni neno zito, basi linafaa kwa chochote kilicho kingi.

Halifai. "Amount" ni la vitu vinavyopimwa: maji, unga, fedha, muda. Vinavyohesabiwa kimoja kimoja vina neno lao, "number". Ukiandika "a large amount of people", umewafanya watu kuwa shehena. Andika "a large number of people".

Kisha angalia kitenzi, maana hapo ndipo hata walio hodari hunaswa. Katika "a number of teachers are absent", kitenzi kinawafuata walimu, hivyo kiko katika wingi. Katika "the number of teachers is small", kinafuata idadi yenyewe, hivyo kiko katika umoja. "A lot of" nayo huenda na nomino inayoifuata: "a lot of water is wasted", lakini "a lot of people are waiting".

2. Ukiweza kukihesabu kwa macho, kinahesabika.

Viti vinne na meza moja viko mbele yako na unavihesabu bila shida, lakini "furniture" haichukui wingi. Ndivyo zilivyo pia "equipment", "luggage", "information", "advice" na "evidence". Kinachoamua ni desturi ya lugha, na kila lugha ina yake. Sisi tunasema vifaa vingi na taarifa nyingi, ngeli zikatuvuta hadi tukaandika "many equipments" na "many informations". Pesa zetu zimekwisha, za Mwingereza ni "the money is finished". Nywele zetu ni nyingi, zake ni "hair", umoja.

Tazama sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye ripoti za maafa: "The flood victims lost many properties." Mwandishi alikuwa akifikiria mali nyingi: magodoro, sufuria, mbegu, kuku. Msomaji wa Kiingereza anaona majengo na viwanja kadhaa, kwa kuwa ndiyo maana ya "properties" katika wingi. Waathirika maskini wamegeuka wenye nyumba za kupangisha. Ilitakiwa "lost most of their belongings". Kamusi za wanaojifunza Kiingereza huweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Kuitazama alama hiyo ni kazi ya dakika moja, na inaokoa aibu nyingi.

3. "Less" haiendi kamwe na kitu kinachohesabika.

Dai hili lina ukweli ndani yake, ila limetiwa chumvi. Katika maandishi rasmi, "fewer students" ndiyo salama kuliko "less students", na mwanafunzi anayefanya mtihani aishike hiyo. Lakini tusiwadanganye watu kwamba ni sheria ya tangu enzi. "Less" ilitumika na vitu vinavyohesabika tangu zama za Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, karne ya 9. Robert Baker, mwandishi wa masuala ya lugha ya Kiingereza, ndiye aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye angependelea "fewer" panapohusika idadi. Pendekezo la mtu mmoja likaja kugeuzwa amri.

Hata leo, "less than" ndiyo sahihi kwa umbali, muda na fedha ingawa tarakimu ipo: "less than five kilometres", "less than two weeks", "less than ten thousand shillings". Hapo tunapima urefu, muda au kiasi kizima, hatuhesabu kilomita mojamoja. Mwalimu anayekata sentensi hizo kwa kalamu nyekundu anamwonea mwanafunzi. Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliacha kibao cha "10 items or less" na kuandika "Up to 10 items". Neno likikuletea ubishi, zunguka kwa neno lisilobishaniwa.

4. Milioni tano ni nyingi, kwa hiyo ni "five millions".

Hapana. Ukitaja idadi, neno hubaki lilivyo: "five million people", "three hundred houses", "two dozen eggs". Herufi ya wingi huingia pale usipotaja idadi, nayo huja na "of": "millions of people", "hundreds of houses", "dozens of eggs". Kuchanganya njia hizi mbili ndiko kunakozaa "five millions of people". Na kiasi cha fedha kikichukuliwa kwa jumla huwa umoja: "Ten million shillings is enough."

5. Bilioni ni bilioni popote duniani.

Kati ya yote, kosa hili ndilo la gharama kubwa. Uingereza yenyewe iliihesabu "billion" kuwa milioni milioni kwa miaka mingi, hadi Waziri Mkuu Harold Wilson alipolitangazia Bunge mwezi Desemba 1974 kwamba serikali yake itaitumia kwa maana ya milioni elfu moja. Anayesoma takwimu za zamani za Kiingereza aukumbuke mwaka huo. Kwa Kifaransa, milioni elfu moja ni "milliard", na "billion" ni kubwa kuliko hiyo mara elfu. Mtafsiri wa Bujumbura au Lubumbashi anayehamisha bajeti kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza akiliacha neno "billion" lilivyo, amekosea mara elfu moja.

Laki nayo ina mtego wake. Magazeti ya Kiingereza ya India huandika "lakh" kwa 100,000 na "crore" kwa milioni 10, na wasomaji wao wanaelewa. Sisi laki tunaijua vizuri, lakini ukimwandikia msomaji wa London, laki mbili ni "two hundred thousand".

6. "A lot of" ni ya mtaani, msomi huandika "much", "plethora" na "myriad".

"I have much money" haina kosa la sarufi, ila inasikika ya kulazimisha. "Much" inakaa vizuri katika kanusho na swali: "not much time", "how much water?" Katika kauli ya kukubali, "a lot of" ni Kiingereza safi kabisa. Penye urasmi zaidi kuna "a great deal of" kwa vinavyopimwa na "many" kwa vinavyohesabika. "Plethora" kwa asili inabeba maana ya kupita kiasi, kwa hiyo kusifia "a plethora of nurses" ni kudokeza kwamba wauguzi wamezidi mahitaji.

Maneno makubwa hayaongezi ukubwa wa jambo. Kama una takwimu, iandike: "240 farmers received 60 pumps" inamwambia mfadhili zaidi kuliko "a huge number of farmers received a lot of equipment". Kama huna, jiulize maswali mawili kabla ya kuandika: Je, Kiingereza kinakihesabu kitu hiki au kinakipima? Na msomaji wangu anaielewa tarakimu hii kama ninavyoielewa mimi? Mwandishi anayejibu maswali hayo kwa uaminifu ataandika Kiingereza sahihi, na kubwa kuliko hilo, hatampotosha mtu kuhusu ni watu wangapi wamepoteza nyumba au ni fedha kiasi gani zimetumika.