Godoro Halichaguliwi kwa Kiganja
Ingia duka lolote la magodoro Kariakoo, utamwona mnunuzi akifanya yale yale: anabonyeza kwa kiganja godoro likiwa bado ndani ya nailoni, anasifu kitambaa, anauliza inchi, kisha anaanza kupatana bei. Mgongo, ambao ndio utakaolala hapo miaka na miaka, haushirikishwi. Kwa godoro la mpira wa asili, ambalo bei yake huiacha mbali ile ya sponji, uzembe huo ni ghali. Kwanza muulize muuzaji: ni utomvu wa mti wa mpira mtupu, au umechanganywa na mpira wa kiwandani? Kisha vua viatu ulale, chali halafu ubavu, robo saa nzima. Ukiwa chali, pitisha mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako, ukikwama, godoro ni laini mno nawe umezama. Mwenye kulala ubavu anahitaji ulaini wa kupokea bega na nyonga. Alalaye kifudifudi achukue gumu zaidi. Mpira halisi ni mzito na hunepa, hivyo chaga za kitanda zikaribiane. Na ile desturi yetu ya kuanika magodoro juani iishie kwenye sufi na sponji, kwa kuwa jua hukakamaza mpira ukaanza kumomonyoka. Huu uanikwe kivulini penye upepo. Muuzaji asiyetaka ulijaribu godoro lake kwa kulilalia, mwache nalo.