Pedi za Breki Haziuzwi Kama Wipa

Wadau, kila wiki hapa naona mtu anashauriwa: ukifungua duka la spea kwa mtaji mdogo, jaza kopi za bei rahisi, mteja wa kwetu haangalii ubora. Mi nakataa. Na wale wanaosema uza orijino tu nao nawakatalia, maana wengi wao walianza na hela ya familia, hawajui kulala na mzigo dukani miezi mitano.

Nina duka dogo la spea za magari madogo hapa Ipogolo, Iringa. Kazi nimejifunza kaunta, kwa kuuliza mafundi. Maoni yangu ni kwamba usiamue ubora wa duka zima kwa mpigo, amua kifaa kwa kifaa. Jiulize, hiki kikifa njiani kinatokea nini?

Wipa ikifa dereva atanung'unika, basi. Saiti mira, taa ya nyuma, kishikio cha mlango, hizo uza kopi bila wasiwasi. Sasa njoo kwenye pedi za breki, boli joint na tairodi. Wateja wangu wanashuka Kitonga, na anayeujua mlima ule anajua breki zinavyochemka pale. Pedi ya bei ya kutupa, ile sehemu inayosugua diski inaweza kuwa imegandishwa vibaya kwenye bati lake, ikipata moto inabanduka. Boli joint ikichomoka gurudumu linalala na stelingi haisikii tena. Yaani hapo habari ya faida imeshaisha.

Kuna kitu wauzaji wengi wanachanganya. Bei ya chini siyo lazima feki, na orijino siyo lazima boksi la Toyota. Toyota hawatengenezi kila kifaa wenyewe, wananunua kwa viwanda kama Denso, Aisin na KYB. Viwanda hivyo vinauza pia kwenye boksi zao, na mara nyingi bei inakuwa chini kuliko ya boksi la Toyota. Kwenye boli joint na tairodi, mafundi wengi watakutajia 555 ya Japani hata kabla hujauliza. Chini ya hapo ziko kopi zenye jina lao wenyewe, nyingine nzuri tu, nyingine ovyo. Halafu kuna feki kabisa, boksi limeandikwa NGK na plagi ya ndani siyo NGK. Huo ni wizi, usiuite bei rahisi. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na FCC wakikuta mzigo wa namna hiyo wanaubeba na kuuteketeza. Mtaji wako unaondoka na moshi.

Tufanye hesabu, namba hizi ni za mfano. Pedi rahisi 20,000, faida yako 5,000. Pedi nzuri 45,000, faida 10,000. Fundi anachukua 10,000 kila akifunga. Tuseme ile rahisi inaisha kila miezi minne na nzuri inamaliza mwaka. Mteja wa rahisi ametoa 90,000 kwa mwaka, wa nzuri ametoa 55,000. Hapo watu wa kopi wananiambia, sawa, lakini wewe muuzaji umepata 15,000 badala ya 10,000! Kwenye karatasi ni kweli. Ila huyo mteja harudi kununua mara ya pili na ya tatu. Anarudi mara moja, kashika pedi mkononi, anaongea kwa sauti mbele ya wateja wengine.

Mteja akiuliza "bei gani?" usidhani anataka rahisi. Anauliza hivyo kwa sababu ndiyo swali pekee analolijua. Mi naweka boksi mbili juu ya kaunta, namwambia hii itakaa muda gani na hii muda gani, kisha nanyamaza. Risiti naandika jina la kifaa, tarehe na kilomita za gari. Akirudi na malalamiko tunasoma risiti, hatubishani.

Mgumu ni dereva wa hesabu. Gari siyo lake, bosi anataka hela yake jioni, mfukoni ana 25,000. Huyo simpi somo. Namtafutia pedi ya daraja la kati yenye jina ninalolijua, hata nikibaki na faida ya 2,000. Ikishindikana kabisa, pedi isiyo na jina simuuzii, aende kwa jirani. Nimepoteza wateja hivyo na nitapoteza wengine.

Kuhusu mtaji, usijaze rafu vitu vya bei. Angalia magari yanayopita kwako. Kwangu ni IST, Probox na Noah, basi naweka seti moja moja nzuri za hayo. Mengine nachukua namba ya chasisi, mteja anatanguliza hela, mzigo unapanda basi la usiku kutoka Dar. Used za Japani nazo chukua, mlango, bampa, hata injini. Lakini pedi used au bushi used hapana, mpira ulishazeeka huko huko.

Limebaki la mafundi, na hapa najua nitatukanwa. Fundi anakuja na hela ya mteja, anataka pedi ya 20,000 na risiti ya 45,000. Usiandike. Ajali ikitokea, kwenye risiti kuna jina la duka lako, la fundi halipo. Mi fundi anayeniletea wateja nampa cha juu kutoka kwenye faida yangu, tunakubaliana mapema, na mteja analipa bei iliyoandikwa. Wawili wamenihama kwa sababu hiyo. Wanne wamebaki.