Gurudumu la Mbele Linapopaa: Mbwembwe na Mkosi

Wazee wengi wa nchi hii wamekwisha kukata shauri kwamba kijana anayeinua gurudumu la mbele la pikipiki, akaenda kwa la nyuma peke yake, ni mwendawazimu, na kwao kesi hiyo imefungwa. Vijana nao, ambao mchezo huo huuita wili, humwona asiyeuweza kuwa mshamba asiyefaa kukabidhiwa chombo. Katika mabishano hayo ya siku nyingi pande zote mbili zimesahau jambo moja, nalo ni kwamba gurudumu la mbele halimngoji mtu wa kuliinua. Hupaa lenyewe. Humpaa mtu mzima mwenye ndevu zake, anayekwenda kanisani au msikitini, ambaye hajapata kuwaza michezo tangu aache kucheza kibe. Na huyo ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa hajui kilichompata wala la kufanya.

Nitaanza na pikipiki ambayo watu huidhania kuwa ya mwisho kabisa kufanya utundu huo. Namaanisha ile ndefu, nzito, ya kiti cha chini na usukani mpana, iitwayo kruza. Asili yake ni Marekani, na jina linalotajwa kwanza ni Harley-Davidson ya mji wa Milwaukee, iliyoanza kazi mwaka 1903. Kutoka gurudumu hadi gurudumu kruza nyingi zina urefu wa mita 1.6 au zaidi, na zile kubwa hupita kilo 300 kabla mwenyewe hajapanda. Ukiitazama inavyonguruma polepole na kifua chake chini, utasema hii ni ng'ombe wa maksai, haiwezi kuruka. Imani hiyo ndiyo inayowaponza wenye nazo.

Siri yake si ngumu, hata kwa aliyeishia shule ya msingi. Kila pikipiki, pamoja na aliyeipanda, ina mahali pamoja ambapo uzito wote huwa kana kwamba umekusanyika. Tupaite kitovu cha uzito. Pima kitovu hicho kiko sentimita ngapi mbele ya pale tairi la nyuma linapogusa barabara, kisha pima kiko sentimita ngapi juu ya ardhi. Tuchukue mfano wa makisio tu: kruza na mtu mmoja, kitovu kiko sentimita 75 mbele na sentimita 55 juu. Gawanya 75 kwa 55, utapata kama 1.36. Maana yake ni kwamba ili gurudumu la mbele litoke ardhini, tairi la nyuma lazima lisukume kwa nguvu inayozidi uzito wote kwa zaidi ya theluthi moja. Tairi la kawaida juu ya lami kavu halina uwezo huo. Hushika kwa nguvu inayokaribia ule uzito wenyewe, na likidaiwa zaidi huteleza na kufuka moshi. Kwa hiyo mwenye kruza akitia mafuta mengi kwa pupa huishia kuunguza tairi, naye hujisemea kwamba chombo chake ni mtulivu.

Sasa mpakize mkewe nyuma, mwanamke wa mwili wake, na nyuma ya mgongo wake ufunge sanduku la nguo za safari. Kitovu kimerudi nyuma, tuseme hadi sentimita 55, na kimepanda hadi 62. Gawanya tena. Hata 0.9 haifiki. Jambo lililokuwa haliwezekani asubuhi, saa nne limekuwa ni la kukunja kiwiko tu, na injini haitaki kusihiwa. Mwaka 2004 Waingereza wa Triumph walitoa kruza iitwayo Rocket III yenye injini ya 2,294cc, yaani mara moja na nusu ya injini ya Probox inayobeba miraa, na yote hiyo kwa gurudumu moja la nyuma! Ongeza kilima. Kila barabara inapopanda, kitovu kile husogea nyuma zaidi ukilinganisha na tairi. Mtu huyo akisimama kwenye mwinuko kungoja lori lipite, kisha akaachia klachi ghafla huku mafuta yamefunguliwa, mbingu itamjia usoni.

Hapa pana jambo ambalo yafaa wasomaji walizingatie, maana ndipo mauti yanapoingilia. Gurudumu likipaa bila kutarajiwa, mwili wa mpandaji hutupwa nyuma. Mikono yake hung'ang'ania usukani, kwani kingine cha kushika hakuna. Lakini mkono wake wa kulia ndio huo huo unaoshika mafuta, na kadiri anavyovutwa nyuma ndivyo kifundo cha mkono kinavyokunja na kuyafungua zaidi. Injini hupata nguvu mpya, gurudumu hupanda zaidi, naye huvutwa zaidi. Kwa kruza balaa huwa maradufu, kwa sababu nyingi zimewekewa vikanyagio vya miguu mbele kabisa ili mtu akae kama yuko kwenye kiti cha sebuleni. Hawezi kusimama juu ya miguu yake, hawezi kuinama mbele. Miguu ikitoka kwenye vikanyagio, breki ya nyuma nayo imekwenda. Hiyo breki ya nyuma ndiyo dawa. Ukiigusa kidogo huku ukifunga mafuta kwa utulivu, gurudumu hushuka. Ukikata mafuta yote kwa woga, kilo 300 zile hushuka kama gogo, na usukani ukiwa umepinda hata kidogo, chombo hutikisika na kumtupa mtu.

Tazama basi tofauti iliyopo kati ya watu wawili hawa. Anayeinua kwa makusudi amekwisha kuyafanya hayo mara mia. Kidole chake cha mguu kiko juu ya breki kabla gurudumu halijapaa, na anajua kiasi cha mafuta kwa kusikiliza mlio wa injini. Yule wa bahati mbaya anayajua kwa mara ya kwanza, na huenda ikawa ya mwisho. Sisi humlaani wa kwanza na kumwombea dua wa pili, lakini elimu iko kwa yule tunayemlaani.

Nisidhaniwe ninawatetea wapenda sifa. Kuinua kruza kwa makusudi, nionavyo mimi, ni ubishi na chombo usio na faida, na ushahidi uko kwa mabingwa wenyewe. Mmarekani Doug Domokos, mwaka 1984, alikwenda kilomita 233 kwa gurudumu la nyuma katika uwanja wa mashindano wa Talladega huko Alabama. Ni kama kutoka Mombasa hadi kukaribia Mtito Andei. Mjapani Yasuyuki Kudo akampita mwaka 1991 kwa kwenda kilomita 331, ambazo zingemfikisha maeneo ya Makindu. Je, walipanda kruza? Hata kidogo. Domokos alitumia Honda ya 500cc ya njia za vumbi, Kudo akatumia Honda nyepesi ya 220cc iliyoundwa kwa michezo ya kupanda mawe na magogo. Hata Evel Knievel, aliyekuwa akiruka juu ya magari na mabasi mbele ya maelfu ya watu katika miaka ya 1970, na ambaye alitumia Harley-Davidson, hakuchukua ile ya kuendea matembezi. Yake ilikuwa XR-750, ya mashindano.

Wako vijana wa California waliokataa kusikia hayo. Wamezichukua Harley za aina ya Dyna, zilizotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2017, wakazitia springi ndefu za nyuma na usukani wa kusimama, na sasa huziinua kama baiskeli. Ni kweli wanaweza, na ni kweli inapendeza kutazama. Lakini angalia walichofanya: wameinua kitovu cha uzito kwa mikono yao, wakakifanya chombo kiwe kitu kingine. Na hata hivyo kila kinaposhuka, uzito wote huangukia beringi za shingo ya usukani na vile vyuma viwili vyenye springi vinavyoshika gurudumu la mbele, vilivyoundwa kwa lami laini. Katika injini nyingi oili hukimbilia nyuma chombo kinaposimama, na pampu ikikosa oili ikavuta hewa, vyuma husagana vikavu. Mwenye fedha za kununua injini nyingine na acheze, ila acheze uwanjani, penye ua. Barabarani, mtu aliyeinua gurudumu la mbele hana usukani. Gurudumu lililo hewani halikati kona. Mtoto akikimbilia mpira, hapo hakuna bingwa.

Huenda msomaji wa Kisii au Murang'a akauliza, kruza zinamhusu nini yeye, ambaye huziona zikipita Jumapili na wenye fedha zao waliovaa ngozi? Zinamhusu sana. Hesabu ile ya kugawanya haikuandikiwa Wamarekani. Chukua pikipiki ndogo ya bodaboda, ambayo yenyewe haifiki kilo 150. Iongezee keria ya chuma inayochomoza nyuma kupita ekseli. Juu yake funga makreti ya soda, au magunia mawili ya makaa, au, kama tunavyoona kila wiki, kochi zima la sebuleni. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hufanya kazi ya mtoto mnene kwenye pembea: akikaa yeye, mwenzake hupaa. Haihitajiki injini ya 2,294cc hapo. Ile ya 150cc inatosha na kubaki, hasa katika milima ya Taita unapoitafuta Wundanyi, ambako barabara hupanda ikijikunja kama chatu.

Wenye bodaboda wanalijua jambo hili kwa miili yao, ingawa hakuna aliyewafundisha. Watazame wanapopanda kilima na abiria wawili na gunia. Dereva huacha kiti akakalia tangi la mafuta, kifua juu ya usukani, na kumwambia abiria, "Mama, nisongee mbele kidogo." Wapita njia hucheka wakidhani ni ufinyu wa nafasi tu. La! Anakisogeza kitovu mbele. Ni fundi, japo fundi asiye na cheti, na ufundi wake unafika kikomo siku abiria wa tatu anapoongezwa. Sheria ya Trafiki, tangu irekebishwe mwaka 2012, humruhusu abiria mmoja tu, na watu hudhani hiyo ni kero ya kuwapa polisi kazi. Anayekaa mwisho kabisa, mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, ndiye anayedondoka kwanza gurudumu likipaa, tena huanguka kwa kisogo.

Na lugha yetu imetusaidia kulificha jambo hili. Tukio likitokea, gazeti huandika kwamba dereva "alishindwa kuidhibiti pikipiki," na habari huishia hapo. Alishindwaje? Gurudumu lilipaa? Mzigo ulikuwa wapi? Kwa mchezo wa kusudi tunalo jina, wili, na kila mtoto analijua. Kwa ile ajali hatuna jina, na kisichokuwa na jina hakiandikwi katika kitabu cha polisi wala hakifundishwi darasani.

Kisha tunaizidisha hatari hiyo kwa makofi yetu. Mwanasiasa akija kuomba kura, vijana hununuliwa mafuta ili watangulie msafara, na anayeinua gurudumu juu zaidi hupigiwa vigelegele vikubwa zaidi. Siku hizi hata katika mazishi ya mwenzao, wenye bodaboda huusindikiza mwili kwa magurudumu ya hewani na honi zisizonyamaza. Sitaki kuwakosoa wafiwa katika majonzi yao, maana kila kizazi kina namna yake ya kulia. Ila pale makaburini nimewahi kuwasikia wazee wakiuliza kwa sauti ya chini ni nani atakayezikwa wiki ijayo, na sikuwaona kuwa wanafanya mzaha.

Katika pikipiki nyingi kubwa za bei kali za siku hizi pamefungwa kompyuta ndogo inayopunguza nguvu ya injini mara gurudumu la mbele linapoanza kupaa. Mwenye bodaboda hataipata hiyo kesho wala kesho kutwa. Anachoweza kupata ni mwalimu. Shule za udereva humfundisha alama za barabarani na namna ya kuzunguka vigingi uwanjani, pikipiki ikiwa tupu, mahali tambarare, kisha humpeleka kwenye mtihani. Kesho yake anabeba mkungu wa ndizi, mwenye ndizi na mtoto wa mwenye ndizi, mlimani. Mwalimu amfunze kuondoka kwenye mwinuko akiwa na uzito nyuma, amwonyeshe breki ya nyuma inavyolishusha gurudumu, na mtahini asimpitishe mpaka alifanye hilo mbele ya macho yake. Vifaa vyenyewe si vya kuagizwa ng'ambo. Gunia la mchanga la kilo 50 na kilima kimoja vinatosha.