Gari la sura ya zamani si zawadi: tuache kupigia makofi deni la ndugu zetu

UVIRA, Kivu Kusini – Kila wiki simu zetu hapa zinapokea picha ileile. Kijana wetu aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Nakivale au Dzaleka amesimama mbele ya gari dogo lenye mgongo wa mviringo, pua iliyochongoka na taa kama macho ya samaki. Chini ya picha watu wanaandika: «Hongera sana!», «Mungu ametenda!», «Sasa umekuwa mkubwa!» Hakuna hata mmoja anayeuliza: gari hili ni la mwaka gani? Umelipa pesa taslimu ao umechukua deni? Na hilo deni lina riba ngapi?

Nasema wazi, hata kama ndugu wengine watakasirika: makofi yetu yanawaumiza watoto wetu. Na yanatuumiza sisi pia, kwa sababu deni la gari kule ndilo linalokula minervali ya watoto huku na dawa ya mama aliye lopitali.

Mara nyingi gari la kwenye picha ni Chrysler PT Cruiser, ao mwenzake wa sura, Chevrolet HHR. Mchoraji Bryan Nesbitt alishiriki katika yote mawili. PT Cruiser lilianza kuuzwa mwaka 2000, na toleo la 2001 likapewa tuzo ya gari la mwaka la Amerika ya Kaskazini. Yalitengenezwa zaidi ya milioni moja, mengi katika kiwanda cha Toluca, Mexico, hadi la mwisho lilipotoka Julai 2010. HHR lilikuja na toleo la 2006, likiiga Chevrolet Suburban ya 1949, nalo likaisha mwaka 2011. Shabaha ilikuwa moja: gari jipya lifanane na magari ya babu zao, ya miaka ya 1930 na 1940.

Sisi Wacongo tunaielewa mambo hiyo kuliko wengine, kwa sababu tuna wasapeur. Mtu anavaa koti la bei kubwa na viatu vinavyong'aa, anatembea kama waziri, kumbe nyumbani sufuria haijapanda jikoni tangu jana. Hatumlaumu, sape ni furaha yake. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayemkopesha pesa kwa kuangalia viatu tu. PT Cruiser ni gari lililovaa sape. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ujanja wa gari hili uko hapa. Gari la kawaida huzeeka usoni. Ukiona Corolla ya 2003 karibu na ya 2020, hata mtoto anakuambia ipi ni nzee. Lakini gari lililozaliwa na sura ya kizee halina uzee wa kuonyesha. La 2001 na la 2010 yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Muuzaji akilipiga rangi, aking'arisha taa na kuosha viti, mtu aliyefika miezi sita iliyopita kutoka kambini anaona gari la fahari. Anachonunua kwa kweli ni chuma ambacho kimekwisha kufanya kazi kwa mabwana wanne ao watano.

Umri wa kweli haufichwi kwenye namba ya shasi. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, na inaonekana kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva. Hesabu kutoka kushoto hadi ya 10. Ukikuta 1, ni toleo la 2001. Ukikuta 9, ni la 2009. A ni 2010, B ni 2011. Hii haihitaji Kiingereza, wala haihitaji fundi. Inahitaji tu kuinama kidogo kabla ya kusaini.

Tuje kwenye injini. PT Cruiser la Marekani lina injini ya lita 2.4 inayozungushwa kwa mkanda, na mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Unapaswa kubadilishwa karibu na maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi, na fundi mzuri hubadilisha pampu siku hiyohiyo. Ukikatika barabarani, gari linazima palepale, na injini inaweza kuharibika. Sasa niambieni, gari la miaka hiyo utalikuta na maili ngapi? Kwa kawaida limefika pale ao limepita. Basi swali la kwanza kwa muuzaji ni moja: mkanda ulibadilishwa lini, na karatasi ya garaje iko wapi? Akikosa karatasi, hesabu kwamba haukubadilishwa, na kazi hiyo iko juu yako.

Kuna ubaya mwingine. Kwa ajili ya ile pua nyembamba ya kizamani, injini imebanwa sana ndani. Fundi hapati nafasi ya mikono, kwa hiyo kazi ndogo inachukua saa nyingi, na kule Marekani saa ya fundi inalipwa kwa dola nyingi. Tena magari haya yanajulikana kwa joto: feni ya kupoza ikikufa, maji yanachemka, na gari lililochemka mara mbili tatu halirudi kuwa zima. Sape ile ile uliyoipenda ndiyo unayoilipia garaje.

Kuhusu HHR, hapa si pesa tu, ni uhai wa watu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari karibu milioni 2.6 yarudi kutengenezwa, na HHR lilikuwamo. Mahali pa kutia ufunguo palikuwa palegevu. Ufunguo ukigongwa na goti, ao ukibeba mzigo wa funguo nyingi, uliweza kugeuka wenyewe gari likiwa katika mwendo. Injini inazima, vulani inakuwa nzito, na mifuko ya hewa inayotakiwa kulinda watu wakati wa ajali haifunguki. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni yenyewe ulikubali vifo 124. Matengenezo ni ya bure, lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani haimlazimishi muuzaji wa magari yaliyotumika kufanya kazi hiyo kabla ya kuuza. Anaweza kukuuzia hivyo hivyo na kukupa mkono. Kwa hiyo ile namba ya shasi, iandike kwenye simu yako na uiingize katika ukurasa wa NHTSA, ofisi yao ya usalama wa barabarani. Ni bure, na jibu linatoka palepale. Kama kuna kazi ambayo haijafanywa, garaje za kampuni iliyotengeneza gari ndizo za kuifanya.

Najua watakaonijibu. Watasema: «Wewe uko Uvira, unajua nini? Kule bila gari hakuna kazi.» Ni kweli, na sikatai. Kazi nyingi wanazopata ndugu zetu ni za usiku, kwenye viwanda vya nyama na maghala, na saa sita ya usiku basi hakuna. Wengine watasema: «Mkimbizi naye ana haki ya kupenda kitu kizuri.» Anayo kabisa. Mtu aliyelala chini ya shiti la HCR miaka kumi na tano ana haki ya kupenda gari lenye sura. Lakini kwa sababu gari ndilo mkate, ndiyo maana halitakiwi kununuliwa kama kitambaa cha sikukuu. Gari likikufa, kazi inakufa. Kazi ikifa, kodi ya nyumba inakwama. Mnyororo huo unafika mpaka huku kwetu.

Lawama kubwa naiweka juu ya wale wauzaji wanaoandika mlangoni «nunua hapa, lipa hapa». Wao ni wauzaji na ni wakopeshaji pia. Wanajua kwamba mgeni hana historia ya deni, na kwamba benki itamkataa. Basi wanamkaribisha kwa tabasamu: avansi kidogo, kila wiki kidogo, ondoka na gari leo. Tupige hesabu pamoja. Gari la dola 5,000, riba ya 24% kwa mwaka, miezi 36: utalipa dola 196 kila mwezi, na mwisho utakuwa umetoa dola 7,062. Zaidi ya dola 2,000 zimekwenda bure, kwa chuma kinachozeeka kila siku. Wengi wao hufunga pia kifaa cha kulifuatilia gari, na wengine kifaa cha kulizima kutoka mbali. Ukichelewa kulipa, katika majimbo mengi wanaweza kulichukua usiku bila kupita mbele ya mahakama. Wakiliuza kwa bei ya chini, ile tofauti inabaki deni lako. Gari huna, deni unalo.

Na hakuna kurudi nyuma. Wengi wanaamini kwamba Marekani mtu ana siku tatu za kubadili mawazo. Kwa gari ulilonunua dukani kwa muuzaji, sheria hiyo ya siku tatu haipo. Kuna karatasi ambayo muuzaji analazimishwa kubandika kwenye kioo cha gari. Inaonyesha kama gari lina dhamana ao linauzwa jinsi lilivyo. Kisanduku cha «jinsi lilivyo» kikiwa na alama, katika majimbo mengi maana yake ni hii: ukitoka getini na injini ikaanguka barabarani, okota mwenyewe.

Njia nyingine ipo. Hapa Kivu tunazijua COOPEC. Kule pia kuna vyama vya akiba na mikopo vya wanachama, na vile vilivyosajiliwa na serikali kuu vimewekewa kikomo cha riba cha 18%. Mgeni anaweza kuingia na kuanza na akiba ndogo. Tena ndugu zetu wengi wamekwisha kuwa na deni moja zuri bila kulitambua: deni la tiketi ya ndege, lililopitia IOM. Halina riba, na ukililipa kwa wakati linakujengea jina mbele ya wakopeshaji. Likelemba nayo si ya kudharau. Watu kumi wa kanisa moja wakitoa dola 200 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anashika dola 2,000 taslimu, bila riba ya mtu.

Kwa yule anayetaka kununua wiki hii, namuomba afanye mambo haya kabla ya kutoa senti. Aende mchana, gari likiwa baridi, aliwashe mwenyewe. Aliache lizunguke dakika ishirini mpaka lipate joto, na ahakikishe feni inaanza kuzunguka. Afungue kifuniko cha oili: kama ndani kuna kitu cheupe kama maziwa, maji yamechanganyika na oili, aondoke. Atazame chini ya gari. Kule kwenye baridi kali, kama Iowa, Michigan na Maine, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula tumbo la gari kama mchwa. Rangi ya juu haitakuambia. Kisha alipeleke kwa fundi ambaye si rafiki wa muuzaji, na kumlipa alitazame. Muuzaji akikataa gari lisiende kwa fundi, amekwisha kukujibu. Na asisaini karatasi ya Kiingereza asiyoisoma. Atafute mtu wa kumfasiria, hata kama muuzaji anasema gari litachukuliwa na mwingine jioni. Lichukuliwe.

Sasa nageukia sisi wa huku, kwa sababu ni rahisi kumpiga muuzaji wa mbali na kujisamehe wenyewe. Nani anayemwambia kijana kila Jumapili, «wenzako wote wamekwisha kununua»? Ni sisi papa na mama, wajomba na mayaya. Tunataka picha ya kuonyesha majirani. Halafu mwezi wa tatu tunapiga simu, pesa haiji, na tunasema mtoto amebadilika, amesahau kwao. Hakusahau. Dola zake 196 zimekwenda kwa muuzaji, na ana haya ya kutuambia.

Nawaomba familia zote zinazosikiliza, mlio katika nyumba zenu na mlio bado kwenye kambi na kwa familia pokezi: picha ya gari ikifika, kabla ya «hongera» ulizeni maneno matatu. La mwaka gani? Deni riba ngapi? Namba ya shasi umeitazama? Mtoto atakasirika kidogo siku hiyo. Lakini kabla ya kusaini, atajua kwamba huku nyumbani kuna watu wanaopenda uzima wake kuliko picha yake. Na kama jibu ni kwamba ameliacha lile gari zuri na kupanda gari baya la rangi iliyofifia, lililolipwa lote, basi siku hiyo tumpigie makofi mpaka majirani watoke nje.